Piga Hodi Kwanza



Juma hili tuvuke bahari pamoja mpaka nchi ya Ugiriki, katika kisiwa kiitwacho Tinos. Najua ni wachache kati yenu waliofika huko. Lakini wako wenye watoto wanaosoma Ulaya, na watoto hao wakati wa likizo hupenda kuvitembelea visiwa vya Wagiriki. Wako pia mahujaji wanaofuata nyayo za Mtume Paulo. Na wako wengi ambao hawataondoka nyumbani kamwe. Maneno haya ni ya wote, maana yamhusu kila mtu avukaye kizingiti cha nyumba isiyo yake.

Kwetu mtu hafiki mlangoni pa jirani akaingia tu. Husimama nje, hupiga hodi, husubiri. Akiitikiwa "Karibu," huingia. Akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, hurudi kwao bila kununa. Desturi hiyo tumeijua tangu utoto. Lakini ni ajabu jinsi mtu akishalipa nauli na kupanda meli au ndege anavyoisahau. Hudhani kwamba tikiti ndiyo "Karibu" yenyewe. Sivyo, ndugu yangu. Tikiti yakufikisha bandarini tu. Mlango ungali mbele yako.

Tinos ni kimoja cha visiwa viitwavyo Cyclades, katika bahari ya Aegean. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 195, na wakazi wake hawafiki 10,000. Hakina kiwanja cha ndege. Atakaye kufika hupanda meli katika bandari ya Piraeus au ya Rafina, karibu na mji wa Athens. Meli ya kasi kutoka Rafina huchukua kama saa mbili, na nyingine huchukua zaidi. Wakati wa kiangazi huvuma upepo mkali wa kaskazini uitwao meltemi, na ukizidi, meli hukaa bandarini zisisafiri. Basi mgeni wa Tinos huanza kujifunza subira hata kabla ya kukanyaga nchi kavu.

Ng'ambo kidogo kiko kisiwa cha Mykonos, ambacho jina lake limeenea dunia nzima kwa starehe. Huko meli kubwa za anasa hushusha watu maelfu kwa siku moja. Hupita, hupiga picha, hununua vitu vya ukumbusho, na jioni huondoka. Mzigo umekuwa mzito hata serikali ya Ugiriki, kuanzia mwaka 2025, ikaweka ada ya Yuro 20 kwa kila abiria wa meli hizo ashukaye Mykonos au Santorini katika miezi ya wageni wengi. Fedha hizo zaweza kusaidia kazi za maji na barabara. Lakini hakuna ada iwezayo kumfundisha mtu adabu. Hiyo hutoka nayo kwao.

Haya, tufike Tinos.

Mwaka 1822, wakati Wagiriki walipokuwa wakipigania uhuru wao kutoka kwa Waturuki, mtawa mmoja mzee wa monasteri ya Kechrovouni, jina lake Pelagia, alisema kwamba Bikira Maria amemtokea na kuagiza watu wachimbe katika shamba fulani, kwani picha yake takatifu imefukiwa humo. Watu walichimba, wakachoka, wakaacha, kisha wakaanza tena. Tarehe 30 Januari 1823 chombo cha mchimbaji kikagonga ubao. Ilikuwa picha ya Bikira Maria akipashwa habari na Malaika. Juu ya mahali pale wakajenga kanisa kubwa, na tangu siku zile mahujaji hawajakoma. Pelagia mwenyewe alitangazwa mtakatifu na Kanisa la Kiorthodoksi mwaka 1970, na chumba chake kidogo monasterini chaonyeshwa hata leo.

Ukiingia kanisani utaona taa nyingi, na chini ya taa hizo vyaning'inia vitu vya fedha na dhahabu: meli ndogo, nyumba, mguu, jicho, mtoto mchanga. Hivyo ni shukrani za watu. Kipo hata kijimti cha mchungwa. Yasemekana kipofu mmoja aliahidi kutoa sanamu ya kitu cha kwanza atakachokiona, na macho yake yalipofunguka aliona mchungwa. Ipo na meli yenye samaki ubavuni, kwa ukumbusho wa mabaharia ambao chombo chao kilitoboka, samaki akaziba tundu. Mtu asiyeuliza huona mapambo tu. Aulizaye huona kilio na furaha za watu zaidi ya miaka 200.

Siku kuu kupita zote ni tarehe 15 Agosti. Sisi Wakatoliki twaiita Kupalizwa Mbinguni. Waorthodoksi huiita Kulala kwa Mama wa Mungu. Maelfu hufika, wengine hulala uani na kwenye ngazi. Picha takatifu hubebwa kwa maandamano mpaka bandarini, na watu hupanga mstari barabarani wakipiga magoti au kulala chini, ili ipitishwe juu yao.

Siku hiyohiyo, mwaka 1940, manowari ya Kigiriki iitwayo Elli ilikuwa imetia nanga hapo kwa heshima ya sikukuu. Nyambizi ya Kitaliano iliipiga kombora chini ya maji, mabaharia 9 wakafa, na manowari ikazama mbele ya macho ya mahujaji. Vita kati ya Italia na Ugiriki havikuwa vimetangazwa bado. Vilianza tarehe 28 Oktoba mwaka huo. Ndani ya eneo la kanisa pako mahali pa ukumbusho wa marehemu hao. Basi ukimwona mzee wa Kigiriki tarehe 15 Agosti akitazama bahari na kunyamaza, usimharakishe. Ana mawili ya kukumbuka.

Sasa nataka uangalie jambo moja kwa makini, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kutoka bandarini barabara yapanda moja kwa moja mpaka kanisani, yapata mita 800. Kando yake limetandikwa zulia. Juu ya zulia hilo wanawake, na wanaume pia, hupanda kwa magoti na mikono mpaka mlangoni pa kanisa. Jua la Agosti ni kali. Magoti huchubuka. Mmoja aliweka nadhiri mtoto wake alipokuwa mahututi, naye mtoto akapona. Mwingine mtoto wake angali hospitalini, naye anaomba. Hawa hawachezi mchezo wa kuigiza.

Na kando ya mama huyo pengine utamwona mtu mwenye simu mkononi, aliyeshuka melini asubuhi na ambaye ataondoka jioni. Naye amepiga magoti. Lakini si kwa kusali, bali apate picha nzuri ya uso wa mama yule.

Je, amekosa nini? Hakuiba, hakutukana, na barabara ni ya wote. Hakuna askari atakayemkamata. Lakini amechukua uso wa mtu katika saa ambayo mtu huyo hakuwa na mkono wa kujifunika. Usiku atauonyesha kwa rafiki zake, nao watasema, "Ajabu!" Mama hatajua. Na mimi nasema kwamba kwa kuwa hatajua, ndiyo maana ilimpasa yule mtu amlinde.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna udhuru wa kutoelewa. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea kwa miguu siku nyingi kwenda Namugongo, Uganda, kwa heshima ya Mashahidi. Wengine hufika miguu imevimba. Je, tungependa mgeni amwinamie bibi yetu aliyechoka njiani, ampige picha bila hata kumwamkia? Kama hatupendi, basi na tusitende.

Huenda mmoja wenu atauliza: "Tufanyeje basi? Tufumbe macho?" La, hasha! Mtume Paulo alipofika Athens alizunguka mjini, akayaangalia kwa makini mambo ya ibada ya wenyeji, hata akaona madhabahu iliyowekwa kwa mungu asiyejulikana. Moyo wake ulichukizwa na sanamu zile, tena hakuficha imani yake. Lakini aliposimama kuwahubiri hakuanza kwa matusi. Alianza na kile alichokiona kwao. Maana yake alikuwa ametazama kwa ajili ya kuwafahamu. Kumtazama mtu ili umfahamu ni heshima. Kumtazama ili upate kitu cha kuonyesha wengine ni jambo jingine kabisa.

Wako wanaosema, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako." Methali hii ina hekima yake, lakini tusiitumie vibaya. Haikutaki ujifanye kile usichokuwa. Usipande barabara ile kwa magoti kwa kujaribu tu, kana kwamba ni mchezo. Katika Misa ya Waorthodoksi usijipange kupokea Komunyo, kwa kuwa kwao hupewa Waorthodoksi tu. Simama kwa utulivu, sali sala zako. Apigaye hodi hasemi kwamba yeye ni mwenye nyumba. Asema kwamba yeye ni mgeni, na kwamba anajua.

Jambo la kupendeza ni kwamba wenyeji wa Tinos wenyewe wamelazimika kupigiana hodi kwa karne nyingi. Kisiwa hiki kilitawaliwa na watu wa Venice kuanzia mwanzo wa karne ya 13 mpaka mwaka 1715, muda mrefu kuliko visiwa vingine vya Cyclades, na ngome yao iliyobomoka iko juu ya mlima wa mawe uitwao Exomvourgo. Kwa sababu hiyo Wakatoliki ni wengi huko hata leo. Kijijini Xinara yako makao ya Askofu Mkuu Mkatoliki. Kijiji hiki ni cha Wakatoliki, kile cha Waorthodoksi, na mahali pengine huchanganyika na kuoana. Wakatoliki wa Ugiriki husherehekea Pasaka siku moja na Waorthodoksi, ili nyumba moja isiwe katika mfungo huku nyingine imo katika karamu. Utakuta kijiji cha Volax, kati ya mawe makubwa ya mviringo, ambako Wakatoliki wachache wangali wakisuka vikapu. Utaona pia mamia ya nyumba za njiwa, zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa kama nakshi, kwa desturi iliyotokana na utawala wa Venice. Watu walifuga njiwa kwa nyama na kwa mbolea ya mashamba yao, kwa maana nchi ni kavu na udongo ni haba.

Twende sasa upande wa kaskazini, kijiji cha Pyrgos. Hapa kazi ni marumaru. Juu ya milango na madirisha utaona mawe yaliyochongwa meli, ndege, maua na miti. Usidhani ni urembo mtupu. Meli ni dua ya baharia arudi salama. Ufundi huu hurithishwa kwa mkono, kijana akikaa karibu na fundi, akishika nyundo na tindo miaka mingi. Ipo shule ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1955, ipo nyumba ya makumbusho ya kazi za marumaru iliyofunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2015 UNESCO iliuandika ufundi wa marumaru wa Tinos katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa watu wote.

Katika kijiji hiki alizaliwa, mwaka 1851, mchongaji mkuu Yannoulis Chalepas. Alisoma Athens na Munich. Angali kijana alichonga sanamu ya msichana aliyelala, kwa ajili ya kaburi moja mjini Athens; hata leo watu huenda kuitazama. Kisha akaugua akili. Kuanzia mwaka 1888 mpaka 1902 alikaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kisiwani Corfu. Aliporudishwa Pyrgos, mama yake aliamini kwamba kuchonga ndiko kulikomharibu, basi kila alichofinyanga au kuchonga alikivunja. Alikivunja kwa upendo, akitaka mwanawe apone. Mama alipofariki mwaka 1916, mwana, naye akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, alishika kazi tena akachonga mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1938, ameheshimiwa na taifa zima. Nyumba yake kijijini yaweza kutembelewa.

Sikuwasimulia hayo ili tumhukumu mama yule. Maskini, alibeba mzigo wa kutosha. Ila nafikiri hivi: kama mama mzazi, mwenye upendo, katika nyumba moja, alishindwa kujua mkono wa mwanawe unatafuta nini, mgeni wa saa tatu atajua nini juu ya kisiwa kizima? Yafaa tuwe wapole katika hukumu zetu. Tusirudi nyumbani na kusema, "Wagiriki wako hivi, Wagiriki wako vile." Tuseme, "Nilionyeshwa kidogo, nikashukuru."

Basi, ewe utakayesafiri, shika haya machache.

Kwanza, kaa. Siku nne katika kisiwa kimoja ni bora kuliko visiwa vinne kwa siku nne. Siku ya kwanza wewe ni mpita njia; siku ya tatu mwenye duka ataanza kukuamkia.

Pili, jifunze maneno. "Kalimera" ni salamu ya asubuhi. "Efcharisto" ni asante. Na lipo neno "Boro?", maana yake "Naweza?". Hilo ndilo hodi yao. Liseme kabla ya kupiga picha, kabla ya kuingia ua wa mtu, kabla ya kugusa kazi ya fundi. Ukijibiwa hapana, shukuru vilevile.

Tatu, mbele ya waliao, wasalio na walio katika nadhiri, usiulize hata hiyo ruhusa ya picha. Weka simu mfukoni. Mtu aliye katika sala hawezi kuja kukufungulia mlango.

Nne, vaa kwa heshima uingiapo kanisani na monasterini. Mabega na magoti yafunikwe. Tena adhuhuri, tangu kama saa nane mpaka saa kumi na moja, vijiji hunyamaza kwa mapumziko. Nawe nyamaza.

Tano, fedha yako iwafikie wenyeji. Nunua kikapu kwa aliyekisuka, jiwe kwa aliyelichonga, jibini kwa aliyeikamua mbuzi au ng'ombe wake. Usimpunguzie bei hata kazi ya mkono wake ikawa kama bure. Maji yatumie kwa kipimo, maana visiwani ni machache.

Sita, usiokote hata kijiwe katika magofu ya kale, kama yale ya hekalu la Poseidon huko Kionia. Ni kosa kwa sheria, na zaidi ya hayo, hakuna aliyekupa.

Nimalizie kwa neno moja la lugha. Wagiriki wana neno "xenos", lenye maana mbili: mtu wa kigeni, asiyejulikana, na mgeni aliyekaribishwa nyumbani. Nasi Waswahili tuna neno lilelile katika "mgeni": twasema "mgeni hapa," yaani si mwenyeji, na twasema "nina mgeni," yaani leo kuku atachinjwa. Kati ya maana hizo mbili kuna mlango mmoja tu. Kule Tinos mwenyeji akikuambia "Kalos irthate," yaani karibuni, jibu lake ni "Kalos sas vrika," yaani nimewakuta vema. Ona, mgeni hajisifu kwa kufika; huwasifu aliowakuta.

Na sisi tuliobaki nyumbani tusidhani hayatuhusu. Wageni wanafika Bagamoyo, Lamu, Unguja na vijijini kwetu, na mara kwa mara hukuta misiba, harusi na sala zetu. Atakayepiga hodi tumkaribishe kwa moyo wote, tumweleze, tumpe kiti. Asiyejua kupiga hodi tumfundishe kwa upole kwamba kwetu mlango una desturi yake. Wala tusisahau kuwafundisha watoto wetu wangali wadogo, maana kesho ni wao watakaosimama mlangoni pa watu.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.